Milango ya Kola

Siku ya ukaguzi ilijulikana kwa harufu ya dawa ya sakafu. Kiwanda cha mashati kilipigwa deki tangu getini hadi ghorofa ya tatu, chungu cha maua kikatolewa ofisini kwa Meneja kikawekwa ukumbini, na wapakiaji wakayaondoa marobota ya vitambaa yaliyokuwa yameuziba mlango wa dharura mwaka mzima. Kufuli la mlango lilitiwa ndani ya droo. Msimamizi wa ukumbi, mama mnene mwenye filimbi shingoni, alipita katikati ya cherehani akiwakumbusha washonaji jibu lao.

"Mlango ule hufungwa?"

"Haufungwi," waliitikia wote.

"Haya. Msije mkanitia aibu."

Pale kiwandani mtu aliitwa kwa kipande alichoshona, maana hakuna aliyelishona shati zima. Aliyeshona mikono aliitwa Mikono, wa mifuko aliitwa Mifuko, na walizoea hivyo hata wakikutana sokoni au msibani. Kola alishona kola tangu hajaolewa, akaolewa, akaachwa, bado anashona kola. Mdogo wake aliitwa Vifungo. Huyo alikaa safu ya mwisho kabisa, mbali na ngazi, marobota yakimgusa mgongo.

Majuma machache kabla ya ukaguzi, pasi moja iliachwa juu ya nguo na moshi ukajaa ukumbini. Waliokaa mbele walishuka kwa ngazi. Waliokaa nyuma walikimbilia mlango wa dharura, wakayakuta marobota, wakayapanda, na huko juu wakalikuta kufuli. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, ulizimwa kwa ndoo ya deki, na Meneja alisema kwa kuwa hakuna aliyekufa basi hapakutokea kitu. Lakini Vifungo alitolewa chini ya miili ya wenzake akiwa hana fahamu, na tangu hapo kifua chake kilipiga mluzi kila alipopanda ngazi. Kola aliusikia mluzi huo kila asubuhi nyuma yake, na kila asubuhi ulimuuma upya.

Kwa hiyo Mkaguzi, bwana mmoja mwenye miwani ya kamba, aliposimama mbele ya cherehani yake na kuuliza kama mlango ule hufungwa, Kola alimaliza mshono, akakata uzi, akajibu.

"Hufungwa kwa kufuli, bwana. Na marobota hupangwa mbele yake. Leo yameondolewa kwa ajili yenu."

Mkaguzi alimshukuru sana. Kisha akaingia ofisini kunywa chai na Meneja, na chai ikachukua muda. Gari lake lilikuwa halijatoka getini marobota yalipoanza kurudi.

"Mdomo huponza kichwa," mama yao alisema jioni, akichambua mboga. "Nimekuzaa na kichwa kimoja tu, mwanangu. Sina cha akiba."

Kesho yake Kola aliikuta cherehani yake imehamishiwa pembeni, kando ya vyoo, ikitazama ukumbi na kiti chake kikiegemea ukuta wa nje. Hakupewa tena kola. Alipewa mashati mabovu ayafumue, kazi ya wanafunzi wa wiki ya kwanza. Mikono, ambaye walikula naye sahani moja kwa miaka, alipita akielekea chooni akiwa amekaza macho sakafuni, mtu ungedhani ameangusha sindano. Hakuna aliyemsalimu, na Msimamizi alihakikisha hivyo kwa filimbi.

Baada ya siku kadhaa za ukimya huo, Kola aliona mstari kwenye ukuta nyuma ya kiti chake. Ulikuwa mwembamba na mweupe, kama chaki ya fundi kwenye kitambaa kabla hakijakatwa. Adhuhuri ukawa na bawaba. Walipofungua kiwanda asubuhi iliyofuata, palikuwa na mlango wa mbao wa rangi ya kijani, kitasa chake kimelika kwa kushikwashikwa.

Walikuwa ghorofa ya tatu, na nje ya ukuta ule hapakuwa na kitu ila hewa. Hata hivyo Kola aliufungua akakuta ngazi za saruji. Ukizitazama kutoka barabarani hukuziona, lakini ukizishuka ulifika chini bila tatizo. Wakati wa mapumziko wanawake walizishuka, wakala kivulini, wakarudi kazini. Mifuko alisema zingewekewa kamba ya kushikia zingefaa zaidi.

Meneja alikuja kuukagua. Aliugonga, akaufungua, akaufunga, akatafuta nembo ya aliyeutengeneza asiione.

"Nani ameomba mlango hapa?"

"Hakuna, Meneja," Msimamizi alijibu. "Umekuja wenyewe. Nyuma ya huyu."

"Mlango usio na kufuli ni mwaliko wa wezi. Mashati yatatembea."

Akaagiza kufuli. Kisha akaamuru Kola ahamishwe.

Alihamishiwa stoo ya chini, na huko ukaja mwingine, wa bati, uliotokea kwenye kichochoro cha nyuma. Ulifungwa. Alihamishiwa kando ya ngazi, ukaja mwingine, wenye kioo. Huo nao ulifungwa, na kioo kikapakwa rangi. Mwishowe Msimamizi, akidhani amekuwa mjanja, alimweka katikati ya ukumbi ambako hapakuwa na ukuta wowote. Hapo mlango uliota sakafuni chini ya miguu yake, wenye kipete cha chuma cha kuuinulia na ngazi ya kushukia. Waliutia kufuli wakatandika mkeka juu yake, na watu wakawa wanajikwaa.

Kola tangu utotoni alikuwa mdadisi, mtoto wa kufungua redio aone anayesema yumo wapi. Alianza kuichunguza milango yake. Aligundua kwamba haikuja alipokaa mahali kwa saa moja au mbili, ilitaka akae hadi kiti kizoee. Aligundua pia kwamba haikuja nyumbani, wala kwenye benchi la zahanati, ambako watu walimsalimu. Ilikuja tu pale alipokalishwa ili asisemeshwe. Hakujua kwa nini. Alichojua ni kwamba mlango mmoja ukitokea nyuma ya Vifungo, mdogo wake angekuwa na pa kutokea, na moyo wake ukakaa hapo.

Aliomba kwa ustaarabu apelekwe safu ya nyuma. Msimamizi, aliyekwisha kumjua, alimpeleka kila mahali isipokuwa huko.

Wenzake nao walikuwa wameanza kuelewa. Mbele ya Msimamizi hawakumjua Kola, chooni wakawa ndugu zake wa damu. Siku moja Mikono alimshika kiwiko kwenye sinki.

"Shoga, samahani kwa yote. Kesho ukihamishwa, jifanye unaumwa mgongo, uegemee upande wangu kidogo."

"Juzi hukuniona."

"Nilikuona. Nina watoto." Mikono alifunga bomba. "Huo ukuta wangu nimeupima. Kabati likiondoka, mlango unaenea."

Kola alikasirika, na hasira ikamwisha hapohapo, kwa sababu yeye pia asingetaka watoto wa Mikono wamkose mama yao. Alisema ataegemea kila atakapoweza. Lakini kwanza alikuwa na ukuta wake wa kuegemea.

Siku hiyohiyo, kengele ya mapumziko ilipolia, hakushuka kula. Alibeba kiti chake hadi safu ya mwisho, akakibana kati ya Vifungo na marobota, akakaa.

"Dada, utatufukuzisha wote wawili," Vifungo alisema.

"Wewe kula. Usiniongeleshe. Ukiniongelesha hautakuja."

Vifungo alielewa, akampa mgongo. Mapumziko yalikwisha na Kola hakuondoka. Msimamizi alipuliza filimbi hadi mashavu yakamtuna, Kola akabaki amekaa. Cherehani zote zilikuwa zikinguruma lakini hakuna aliyekuwa anashona, maana masikio yalikuwa nyuma. Kesho yake alikuja mapema akakaa palepale, na siku iliyofuata vilevile. Siku hiyo, katika upenyo mdogo baina ya robota na robota, mstari wa chaki ulitokea ukutani. Kola aliugusa, akajizuia asicheke.

Hapo ndipo alipoitwa ofisini.

Meneja alikuwa kwenye simu. Alimwonyesha kiti kilichoegemea ukuta karibu na kabati la faili, akaendelea kuongea, akapokea wageni, akala, akaongea tena. Hakumsemesha hadi jua lilipohamia dirisha jingine, na siku mbili zilizofuata alimwita akamkalisha vivyo hivyo, kusudi ajue nafasi yake. Ulikuwa uamuzi wa mtu asiyejifunza kwa yanayotokea kiwandani mwake. Siku ya mwisho alimsomea shtaka: kuharibu kuta za mwajiri.

"Una la kujitetea?"

"Mlango wa dharura bado umefungwa, Meneja."

"Hilo si shtaka lako."

"Ndilo langu mimi. Mdogo wangu anakaa pale."

Meneja alimwambia arudishe mkasi na aproni, na getini wasimruhusu tena. Akaongeza, bila ubaya wa sauti, kwamba Vifungo anaweza kubaki, kwa vile mtu akiwa na ndugu nje huwa na adabu ndani. Kola aliinuka. Nyuma ya kiti alichokalia palikuwa na mlango mpya wa mninga, umepigwa msasa vizuri, na Meneja aliutazama, akasogeza kabati la faili lisizuie njia. Huo hakuutia kufuli.

Nyumbani mama yao hakusema nilikwambia. Alimpakulia chakula, akamwongezea, akatoka nje akaufokea upepo kwa kumwangushia nguo kambani.

Habari za kiwandani zililetwa na Vifungo. Ameajiriwa mzee wa makufuli, ambaye huzunguka na funguo kiunoni hadi suruali inamteremka. Mkaguzi amerudi, kufuli zote zikatiwa ndani ya droo, akahesabu milango akafurahi mno. Alisema hajapata kuona kiwanda chenye njia nyingi za kutokea kiasi kile, akawapa cheti, kikatundikwa juu ya chungu cha maua. Safari hii alipouliza, wote waliitikia kwamba haifungwi.

"Na wewe uliitikia?" Kola aliuliza.

"Nilikohoa."

"Na mstari wangu?"

"Upo, dada. Mstari tu. Haujaota hata bawaba."

Kola alitafuta kazi kwenye viwanda vingine, lakini jina lake lilikuwa limemtangulia kila mahali, na huko nako walimkalisha mapokezi na kumsahau kusudi. Viwanda viwili vilipata milango kwa njia hiyo. Hakupata kazi. Kisha majirani nao, ambao baadhi waliajiriwa na Meneja, waliacha kubisha hodi. Kola akawa anashinda jikoni, kwenye kigoda, mgongo wake ukutani, akisubiri mluzi wa kifua cha mdogo wake jioni. Ukimya ulioanzia kiwandani ulikuwa umemfuata hadi nyumbani.

Mstari ulitokea asubuhi moja maji yakichemka. Mama yao aliuona kwanza, akaufuta kwa kitambaa akidhani ni unga, haukufutika. Ulipokamilika ulikuwa mlango mpana, wa chuma, mwekundu, wa kusukumwa. Kola aliweka mabega akausukuma. Ulikwenda upana wa kidole, ukagonga kitu laini na kizito, na juu ya kitu hicho kikalia chuma kwa chuma. Kupitia upenyo huo ikaingia sauti ya cherehani, nyingi, na joto la pasi, na harufu ya kitambaa kipya.

"Vifungo," aliita.

Cherehani iliyokuwa karibu kuliko zote ilinyamaza.

"Dada? Uko wapi?"

"Jikoni."

"Wamewahi," alisema. "Mzee amekuja asubuhi. Mstari wako ulipoota tu bawaba akautia kufuli, na wapakiaji wakapanga marobota mengine. Siufikii."

"Unaniona?"

"Naona mwanga. Mama anapika nini?"

Mama yao aliingia na fundi mmoja wa mtaani aliyebeba mgongoni kabati la vyombo, lile alilolisubiri tangu mwaka jana. Ukuta ule ndio pekee uliotosha kabati. Aliutazama mlango, akausikiliza, akamtambua binti yake mdogo akikohoa ndani yake.

"Sasa kabati langu nitaliweka wapi?" aliuliza.

"Popote, mama, ila si hapo."

"Jiko lote hili nikuachie wewe na mlango usiofunguka?"

"Niachie."

Mama alisimama, mikono kiunoni. Kisha akamwambia fundi alitoe nje kabati, alibwage barazani, na waliokuwa wanapita waliona vyombo vya watu vikipigwa jua wakacheka. Upande wa pili wa mlango mwekundu kitu kizito kilitua, na upenyo ukapungua.

"Wameongeza robota jingine," Vifungo alisema, sauti yake sasa ya mbali.

"Nimesikia. Wewe shona. Mimi nipo."

Kola alikiondoa kigoda njiani. Akaondoa ndoo, jiko, gunia la mkaa na mkeka, akavipanga upande mmoja, hadi kutoka kwenye mlango mwekundu hadi mlango wa mbele pasiwe na kitu cha kumkwaza mtu anayekimbia. Kisha akaufungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akauwekea jiwe usijifunge.