Eda ya Bi Swafia

Asubuhi ile Bi Swafia alipotangaza kwamba anaingia eda, waume zake wote wawili walikuwa wameshazikwa zamani, na wa tatu hakuwapo. Alitangaza akiwa wima katikati ya ukumbi, fimbo mkononi, sauti ikitoka mpaka kichochoroni, na katika Mji wa Kale madirisha yanatazamana hivi kwamba jirani akipiga chafya, wewe uliye kwako ndiye unayemwombea rehema.

"Mama," akasema Sabir, mwanawe, kikombe cha chai kikiwa kimeishia njiani, "eda si jambo la mzaha."

"Nani afanya mzaha? Mke wa eda hukaa chumbani miezi minne na siku kumi, haonani na huyu wala yule, na hafi. Nimekaa mara mbili, kazi yake naijua. Chumba cha chini kilichokuwa duka la babako, leo ni changu. Nitakaa huko mpaka mtihani upite. Fadhiya aende shule."

Mwanaesha, mkewe Sabir, alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona kofia. Hakuinua kichwa, ila sindano ilisimama. Fadhiya naye, pale mlangoni, alimtazama nyanyake, akamtazama babake, kisha akatazama miguu yake mwenyewe.

Serikali ilikuwa imesema darasa la nne na la nane warudi shule, baada ya nchi nzima kukaa nyumbani tangu mwezi wa tatu kwa ajili ya korona. Fadhiya alikuwa darasa la nane. Wenziwe wengine walikwisha kurudi, yeye bado, kwa sababu Sabir alikataa. Na Sabir hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa tano, mjomba wake Athmani, ndugu wa Bi Swafia baba mmoja mama mmoja, alikufa kwa maradhi hayo hayo. Hakuoshwa na wanawe. Alibebwa na watu waliojifunika nguo nyeupe kuanzia utosini, na Sabir alisimama mbali kama mpita njia, akamtazama mjomba wake akishushwa kaburini na mikono asiyoijua. Alirudi nyumbani akaapa kwamba maradhi yale hayatampata mamake kupitia mlango wake. Na mamake alikuwa mgonjwa wa sukari.

"Fadhiya atasoma kwa simu," alisema tangu siku ile ya kwanza. "Si wote wasoma kwa simu?"

Simu ya nyumba nzima ilikuwa hiyo moja ya Sabir, nayo ilikwenda naye Shimanzi kila siku, alikokuwa karani wa godauni. Ilirudi baada ya magharibi, ya moto kama mkate, imejaa sauti za mwalimu, ambaye hata baada ya shule kufunguliwa aliwatumia masomo waliobaki nyumbani. Fadhiya aliketi nayo kwenye ngazi akisikiliza. Kila somo likiisha, watoto waliandika mmoja mmoja: Nimeelewa mwalimu. Sabir aliyasoma majibu hayo akaona raha.

"Umeona? Wa kwanza ni wetu. Yuwaelewa kabla ya wenziwe."

Mwanaesha aliendelea kushona. Mtu anayeshona kofia huzoea kukitazama kitundu kidogo kwa muda mrefu, na yeye aliona kidole cha bintiye kikiandika nimeelewa huku mwalimu bado yuwazungumza. Leo hivyo, kesho hivyo. Alitaka kuwa na hakika kwanza.

Sasa mkwewe alikuwa amesema mbele ya watu wote, na Sabir aliweka kikombe chini, akavaa viatu kwa hasira, akashuka ngazi bila kuaga. Bi Swafia hakumngoja abadili mawazo. Kabla ya adhuhuri godoro lilikuwa limeshushwa, mswala umetandikwa, na birika la maji limewekwa pembeni. Mwanaesha ndiye aliyebeba vyote. Bi Swafia alijifungia kwa ndani, akafungua dirisha la nondo linaloangalia kichochoro, akaketi kama mtu aliyefungua duka.

Alasiri wakaja wanawake. Walikuja wametanda leso vichwani, wanatembea polepole ule mwendo wa kwenye matanga, na mbele yao Jannat, jirani wa mlango wa pili, machozi tayari.

"Mwanaesha, poleni jamani! Mbona mtufiche? Kazikwa lini?"

"Nani?"

"Mumewe Bi Swafia!"

"Bi Swafia hana mume, Jannat."

"Shoga, mimi si mtoto. Nimesikia kwa masikio yangu asubuhi, kasema naingia eda. Mtu haingii eda kwa ajili ya paka."

"Wasema ni yule mzee Abdulgani," akanong'ona mwengine nyuma ya leso, "yule muuza leso wa Biashara Street. Ndo maana kila akitaka doti huenda mwenyewe, hamtumi mtu."

Dirisha lilikuwa wazi muda wote huo, na Bi Swafia hakuwa kiziwi.

"Abdulgani!" aliruka. "Mtu asiyenipunguzia bei ya doti moja tangu tujuane, niolewe naye kwa lipi? Jannat, futa machozi, na urudi nyuma, uko karibu mno. Mume sina. Mkimwona popote niitieni, lakini asimame hapo hapo mliposimama nyinyi, na avae barakoa."

Mmoja alicheka kabla hajajizuia, kisha kichochoro kizima kikacheka, hata aliyekuja na ubani mkononi. Bi Swafia akawaambia habari ilivyo: anajitenga ili mjukuu wake aende shule asiogope kumuua mtu.

Jannat alizuia kicheko chake. Mwanawe, Riyadh, alikuwa darasa moja na Fadhiya.

"Bi Swafia, ujitese kwa shule ipi? Hii inayofungwa? Wangu nimemweka ndani. Kwenye grupu la wazazi wasema Ijumaa zafungwa tena. Sisi twangoja tamko."

"Tangu mwezi wa tatu mwangoja tamko. Riyadh ataota ndevu mkiwa mwangoja."

"Na tukiwapeleka kisha zikafungwa?"

"Na msipowapeleka kisha zisifungwe?"

Wanawake wakaondoka wawili wawili, na Mwanaesha, aliyekuwa amesimama kizingitini na sinia la maembe ya mkwewe, alilihisi swali lile likimbakia yeye.

Sabir alirudi magharibi uso umemvimba.

"Mmeniaibisha. Mpaka Shimanzi! Dereva wa lori, mtu nisiyemjua hata jina, kanipa pole kwa kifo cha baba wa kambo ambaye simjui. Kesho mama anarudi juu, na Fadhiya anabaki hapa. Isitoshe, soma." Akamsogezea mkewe simu. "Imethibitishwa: shule zote kufungwa Ijumaa."

"Nani kathibitisha?"

"Imetumwa grupuni."

"Na ile ya wiki iliyopita, iliyosema Jumatano, ilithibitishwa na nani?"

Sabir alimtazama. Hakuzoea kuulizwa. Mwanaesha alikuwa mke wa kuitikia, tena kwa upole, na tangu aolewe hajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba bila kumwambia mumewe "natoka" naye akasema "haya." Sasa alichoma sindano kwenye kofia, akaiweka kofia pembeni.

"Fadhiya, njoo. Lete somo la leo tulisikie sote."

Mwalimu alieleza habari za moyo wa binadamu: vyumba vyake, damu inaingia wapi, inatoka wapi. Alieleza vizuri, ila nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia na gari likipiga honi. Kabla hajamaliza, kidole cha Fadhiya kilikwisha andika. Mwanaesha akakishika kile kidole, taratibu, kama mtu anayeshika ndege.

"Mwambie babako. Damu ikitoka mapafuni huingia wapi?"

Fadhiya aliitazama simu.

"Kwenye... kwenye moyo."

"Wapi kwenye moyo?"

"Sijui, mama." Machozi yalikwisha kufika. "Wote huandika hivyo. Ukiandika hukuelewa, mwalimu asema sikiliza tena, na baba ataka simu yake. Sijui tangu zamani. Tangu mwezi wa sita sijui."

Sabir aliketi. Alikuwa kama mtu aliyepigwa na mtu asiyemwona. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Na mama je? Mjomba Athmani nilimtazama kwa mbali, Mama Fadhiya. Kwa mbali! Hata udongo sikumtilia."

"Najua. Kanzu uliyorudi nayo niliifua mimi." Mwanaesha alimgeukia mumewe. "Nami naogopa kama unavyoogopa. Chakula chake nitakiweka kizingitini mwenyewe. Nguo za shule zitavuliwa uani, zifuliwe kabla hazijapanda ngazi. Mtoto hatamsogelea nyanyake. Hayo nayaweza. Kumfundisha moyo wa mtu siwezi, nawe huwezi, na hiyo simu tumeipa miezi yote hii, nayo imeshindwa."

"Na Ijumaa zikifungwa? Siku zenyewe ni ngapi hizo?"

"Chache. Ndizo nizitakazo."

"Nikikataa?"

"Utakuwa umenikataza, Baba Fadhiya. Nami nitatoka naye nikiwa nimekatazwa."

Hakuna aliyewahi kusema neno kama lile ndani ya nyumba ile. Fadhiya aliacha hata kulia. Kisha chini yao fimbo ikagonga dari, mara ya kwanza, mara ya pili, vumbi la chokaa likawaangukia waliokuwa chini yake, yaani Bi Swafia peke yake.

"Nasikia! Sabir! Sukari ni yangu na roho ni yangu. Ukiogopa, ogopa kwa jina lako. Usinifanye mimi kisingizio, sikukuzaa kwa hilo!"

Sabir alichukua simu yake, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alfajiri Mwanaesha alipoamka, mumewe alikuwa ameshaondoka. Alipanguza viatu vya Fadhiya, akamkaza barakoa nyuma ya masikio, akavaa buibui. Hakujua jioni atakaporudi mumewe atakuta nyumba ya namna gani. Huenda Sabir amekwenda kwa wazee wa ukoo. Huenda amekwenda kwa kadhi. Alisimama juu ya ngazi, na kwa mazoea akasema:

"Natoka."

Ngazi ilikuwa tupu. Lakini kutoka chumba cha chini, nyuma ya mlango uliofungwa, sauti ya kizee ikajibu:

"Haya!"

Kichochoroni Jannat alikuwa dirishani, simu mkononi, nywele hazijachanwa.

"Esha! Hujaona grupu? Usiku kucha watu hawakulala. Wengine wasema kesho, wengine wasema leo hii!"

"Sina simu, shoga. Naenda kuuliza mlango wenyewe."

"Si ungoje basi, angalau tujue!"

"Nikingoja hapa nitajua nini? Mwamshe Riyadh twende."

"Riyadh bado amelala."

"Ndo nikasema umwamshe," akajibu Mwanaesha bila kusimama, na mkono wa bintiye alikuwa ameushika kwa nguvu kuliko alivyojua, mpaka Fadhiya akasema, "Mama, waniumiza."

Lango la shule lilikuwa limefungwa. Nje yake wazazi wachache walisimama mbalimbali, kila mmoja na mtoto wake na simu yake, wanatazama chini. Na mbele kabisa, karibu na nondo, alisimama mwanamume mwenye shati la kazini la godauni, anazozana na bawabu.

Miguu ya Mwanaesha ilitaka kurudi. Hakuirudisha. Alimvuta Fadhiya nyuma yake, akaenda mpaka mbele ya mumewe, akasimama hapo, tayari kwa lolote atakalosema mbele ya watu wote wale.

Sabir aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Nimemtoa mwalimu mkuu ofisini," alisema. "Nimemuuliza mbele ya huyu bawabu. Hana barua. Hajapigiwa simu. Yeye pia kasoma kwenye grupu, kama sisi." Akameza mate. "Leo wanasomesha. Lango lafunguliwa sasa hivi."

Mwanaesha alimsogeza Fadhiya mbele.

"Lakini ni leo tu," Sabir akaongeza, akiinua kidole. "Tusikilizane. Leo tu, mpaka tuone."

"Leo yatosha," akasema Mwanaesha. "Na kesho nitakuja tena nikuulize habari za leo."

Sabir alitaka kujibu, na pengine lilikuwa jibu kali, lakini kufuli ilikwisha kutolewa. Fadhiya hakungoja wazazi wake wamalize. Alinawa kwenye tangi la mfereji, akainua paji la uso lipimwe kwa kibunduki cha kupimia joto, akapita langoni.