Aliyeomba Maji Kanisani

Kila kikundi cha mahujaji kilipoteremka basini kijijini Bekyono, katika vilima vya Tur Abdin, kusini-mashariki mwa Uturuki, Febroniya ndiye aliyewafungulia kanisa. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minne, na kazi hiyo aliirithi kwa mama yake. Aliwaonyesha dari la mawe lililodumu miaka elfu moja na mia tano, madhabahu, na misalaba iliyochongwa na mahujaji wa kale. Ukuta wa kaskazini hakuugusia kamwe. Mtu akiuliza ni nini kinachokwaruza huko, alijibu harakaharaka, "Njiwa hao."

Juni ile alikuja Nahrin, binti wa watu wao waliohama kijiji, aliyezaliwa Ujerumani. Wenzake walipotoka kupiga picha, yeye alibaki nyuma. Kisha akamfuata Febroniya mlangoni.

"Shangazi, una maji? Yule mama anaomba maji."

"Mama gani?"

"Yule pale ukutani, mwenye shela nyeusi. Nimempa chupa yangu, hapokei. Anasema wako wengi ndani, haitawatosha."

Febroniya akageuka. Mwanga wa adhuhuri ulikuwa umeingia hadi madhabahuni. Hapakuwa na mtu.

"Usinitanie, mwanangu. Mimi mtu mzima."

"Nikutanie ili iweje? Hata lugha anaongea kama marehemu bibi yangu, si kama ninyi wa siku hizi."

Febroniya akaketi kizingitini, na aliyoyafungia moyoni kwa miaka thelathini yakamtoka. Mwaka wa Upanga, ule wa 1915 wa kuchinjwa kwa Wakristo wa vilima vile, wauaji walipokikaribia kijiji, bibi yake aliyeitwa Sayde aliwaficha wanawake na watoto katika chumba nyuma ya ukuta ule wa kaskazini, akauziba mlango kwa mawe na chokaa usitambulike. Alikusudia kuwatoa hatari ikipita. Lakini alikamatwa, akaswagwa mbali pamoja na wengine. Alipotoroka na kurudi, siku ishirini zilikuwa zimepita. Akatega sikio ukutani. Kimya. Hakuthubutu kufungua. Mama yake Febroniya alimweleza hayo akikata roho, akamwapisha asiuguse ukuta.

"Na miaka yote hiyo unatuambia njiwa?" Nahrin aliuliza.

"Ningesema nini? Kwamba bibi yangu aliwaua?"

"Si aliwaficha?"

"Kwa aliye ndani, tofauti yake nini?"

Febroniya akainuka, akaenda nyumbani, akarudi na sururu ya marehemu mumewe na ndoo ya maji. Dereva wa basi alipiga honi mpaka akachoka. Nahrin hakutoka.

Jiwe la tatu lilipong'oka, hewa baridi ikawapiga usoni. Ndani, mifupa yote ilikuwa imelundikana mlangoni. Hakuna aliyekuwa amelala mbali. Upande wa ndani wa mawe ulijaa michirizi ya kucha, mingine chini kabisa, kimo cha mtoto.

Febroniya akapiga magoti, akamimina maji. Udongo ukayanywa papo hapo. Akamimina tena na tena, hata ndoo ikaisha, na sakafu ilikuwa bado kavu.

Waliwazika Jumapili katika kaburi moja, watu thelathini na mmoja kwa hesabu ya mafuvu. Kasisi akauliza majina ya kuyaombea. Watu wakatazamana. Ndipo Nahrin, akiwa ameelekea mlango wa kanisa, alipoanza kutaja taratibu, kama mtu anayerudia anachosomewa: "Shmuni. Khatun. Bahde. Mwanawe Bahde, hakuwa amebatizwa..." Kasisi aliandika mpaka wakatimia thelathini na mmoja.

Nahrin akamgeukia Febroniya.

"Shangazi, wanamuulizia Sayde."

Febroniya akanyoosha kidole kuelekea kaburi la bibi yake, juu mlimani penye mizeituni. "Yuko kule," akasema.

Macho ya Nahrin yakaanza kupanda mlima polepole, yakifuata kitu ambacho wengine hawakukiona. Febroniya akakunja pindo la gauni, akashika njia ya mkato mbiombio, ili afike kwa bibi yake kabla yao.