Mto Usiongojewa

Sereima Tuilau aliihangaikia ile skripti, programu ndogo ya kompyuta, mpaka akakonda. Ofisi yao ya tahadhari za mafuriko, pale mjini Suva, iliitegemea kupiga hesabu za maji ya mito yote ya kisiwa, mmoja baada ya mwingine, na ilipomaliza mara nyingi mvua ilikuwa imeshafanya yake. Mkuu wake, Vikash Narayan, akamsihi aiongezee kasi.

Mwanzoni alianzisha hesabu za mito yote kwa mpigo, za kila mmoja zikijiendesha zenyewe chinichini ndani ya kompyuta. Kompyuta ikaelemewa, ikaganda. Akapunguza: michache iende pamoja, mmoja ukiisha mwingine uingie. Siku hiyo kazi ya asubuhi nzima ilikwisha kabla chai haijapoa.

"Dada, wewe mchawi!" Vikash akacheka, akimsogezea roti, chapati ya kwao. "Kumbe mashine haikuwa mvivu, wavivu sisi."

Kimbunga kilipoingia, ramani ya hatari ilitoka mapema, bonde la mto Waisomo likiwa kijani, yaani salama. Wakaitangaza. Adhuhuri simu ikalia. Alikuwa Ilaitia, mkuu wa kijiji cha huko bondeni.

"Binti yangu, mlisema kijani."

"Ndiyo, baba. Kuna nini?"

"Watu walishapanda mlimani, nikawarudisha. Nyumba za chini zote zimekwenda na maji. Bibi Litia hatumwoni, yeye na wajukuu zake."

Simu ikakatika.

Sereima alifungua mafaili. Waisomo ndio mto uliokuwa na hesabu nzito kuliko yote. Ulikuwa bado unahesabiwa kule chinichini wakati skripti ilipochora ramani, ikaokota jibu la jana, la kabla ya mvua. Hakuwa ameiambia ingoje. Ulikosekana mstari mmoja tu wa maagizo.

"Hata mimi niliipitia," Vikash akasema nyuma yake. "Sikuona."

"Usinifariji, Vikash. Tafadhali."

Akauongeza ule mstari, akaiendesha upya. Waisomo ukatoka mwekundu. Akampigia Ilaitia, hapatikani. Akawapigia waokoaji, wakamwambia daraja halipo, hawana pa kuvukia mpaka maji yapungue. Akampigia tena Ilaitia, na tena. Vikash akamwondolea simu mkononi taratibu. Sereima akaichukua, akapiga tena.