Picha ya Mtu wa Ndege

Afande Kinoti aliomba kitu kidogo tu. "Mama, niletee picha yake ya hivi karibuni, uso uonekane vizuri. Nitaituma vituo vyote mpaka Merti." Alisema kwa upole, kalamu mkononi, na Ubah akaitikia kwa kichwa haraka haraka kama mtu aliyeombwa chumvi. Alipofika mlangoni mwa kituo cha polisi ndipo alipogutuka. Picha ya mumewe, Abdinajib, ataitoa wapi?

Watu watasema, mwanamke gani huyu, kaishi na mume miaka kumi na saba na hana picha yake? Na waseme. Hawakuishi na Abdinajib. Bwana yule kamera ilikuwa shingoni mwake tangu swala ya alfajiri mpaka magharibi. Alikuwa dereva wa lori la kupeleka unga na sukari, na hakuna safari aliyorudi mikono mitupu: mara ndege, mara nondo, mara ua ambalo hata mbuzi walikuwa wamelipita bila kulitazama. Akikosa safari alilala kifudifudi hapo uani Bulla Pesa akiwapiga picha sisimizi, majirani wakimchungulia juu ya mabati na kucheka. Harusi za ukoo mpiga picha alikuwa yeye, kwa hiyo katika picha za harusi wamo wote, hata wapishi, isipokuwa yeye. Kwenye WhatsApp, pale wenzake walipoweka sura zao, yeye aliweka ndege, hondohondo.

Kitambulisho alikwenda nacho. Kopi iliyobaki nyumbani, uso ulikuwa doa jeusi. Picha ya nikaha ilimwonyesha kijana mwembamba mwenye nywele tele, na Abdinajib wa leo ana kipara na ndevu za hina. Warfa, mdogo wake Abdinajib, alipekua simu yake yote akapata bega moja na nusu ya sikio. Simu ya Ubah mwenyewe ilikuwa kabambe, ile ndogo ya kupiga na kumulika tu.

Na ilikuwa siku ya sita. Jumatatu, lori likiwa gereji, Abdinajib alitoa pikipiki, akafunga blanketi nyuma, akasema, "Mvua imenyesha upande wa Merti. Maua yatakuwa yametoka. Jumatano niko hapa, inshallah." Upande wa Merti! Ni kama kumwambia mtu unakwenda duniani. Jumatano ilipita, Alhamisi ikapita, na Ubah akawa anajiambia kwamba pengine kuna mdudu fulani amemchelewesha, maana haingekuwa mara ya kwanza. Simu yake haikushika tangu Jumatatu jioni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Ubah hakumwambia Afande, wala Warfa. Jumapili, siku moja kabla ya safari, alikuwa anakaanga anjera uani. Abdinajib alikuwa amechuchumaa karibu na karai la maji, na kwezi mmoja, wale wa buluu wenye tumbo la rangi ya kutu, alikuwa akidonoa makombo kwenye kiganja chake. Alinyoosha kamera polepole kwa mkono wa pili. "Ubah, njoo unipige moja tu. Tazama alivyonizoea."

"Mwambie huyo ndege wako akupige," alisema Ubah, akageuza anjera.

Abdinajib alicheka. Kwezi akaruka. Hakuomba tena, na Ubah hakufikiri kwamba kuna kilichotokea. Hawakujaliwa mtoto, na kwa miaka mingi Ubah alikuwa amewaonea wivu ndege. Ni aibu kulisema, mtu mzima kumwonea wivu kwezi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sauti ambayo mumewe aliitumia kuwaongelesha wale viumbe ilikuwa laini kuliko ile aliyoitumia kuulizia chai.

Kadi za kamera zilikuwa kwenye mkebe wa majani ya chai, pamoja na betri ya akiba. Ubah aliupeleka mkebe dukani kwa Warfa mjini, anapotengeneza simu, na wakaketi mbele ya kompyuta siku mbili. Kereng'ende kwenye kamba ya nguo. Vunjajungu kwenye pazia lake la jikoni, pazia lile lile ambalo alikuwa amelikung'uta na kulalamika kuhusu wadudu. Kanga wakivuka barabara. Waridi la jangwa limesimama peke yake kwenye mawe, limenona shina, limechanua pinki bila jani. Vipepeo weupe, mamia, juu ya tope la mkojo wa ngamia.

"Abaayo, dada yangu, pumzika kidogo," Warfa alimwambia.

"Endelea."

Hakuwa amewahi kuzitazama. Kila mara alipoitwa aje aone, alikuwa na sufuria mkononi, au alijitia kuwa nayo. Sasa alizitazama zote, kwa macho ya mtu anayetafuta kitu kingine, na bado aliona kwamba ni nzuri, na hilo lilimkasirisha na kumliza kwa wakati mmoja.

Jumapili alasiri ndipo walipoipata. Kwezi ametua kwenye kioo cha pembeni cha lori, mabawa yamefunguka, anakidonoa kioo akidhani ndani kuna kwezi mwenzake. Na nyuma ya kwezi, ndani ya kioo, alikuwepo Abdinajib. Kipara, kofia imerudishwa nyuma, ncha ya ndevu nyekundu, vidole vyake viwili. Mahali pa uso palikuwa na kamera.

Asubuhi yake Afande Kinoti aliishika picha ile iliyochapwa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Mama, hii ni kamera. Mtu hajulikani hapa."

"Ndiyo iliyopo, Afande."

Afande hakumbishia. Aliichukua akaahidi kuituma hivyo hivyo. Warfa naye aliisambaza kwenye magrupu yote ya madereva na wafanyabiashara wa mifugo, na jina la Abdinajib, na namba yake mwenyewe ya simu. Wengine walijibu kwa kuuliza kama ni mzaha.

Jumanne saa nne, simu ya Warfa ililia. Ubah alikuwa hapo dukani, kwa sababu nyumbani hakukukalika. Warfa aliweka spika.

"Salaam aleikum. Mimi naitwa Habsa, niko Korbesa, huku upande wa Merti. Mwenye duka amenionyesha picha. Huyu mtu tunamjua."

"Unamjua vipi, dada? Uso si hauonekani?"

"Uso gani? Huyu siku zote iko hivyo. Anapita na lori, anapita na pikipiki, hiyo kitu iko machoni. Sisi tunamwita mtu wa ndege. Jina yake ndio hatukujua, wala nyumbani kwake." Mbuzi walisikika nyuma yake. "Ndugu yangu, tumemzika Jumanne ile ingine."

Ubah hakulia pale. Alisimama, akauchukua mkebe wa majani ya chai akaushika kwapani, akamwambia Warfa atafute gari.

Korbesa waliwapokea kwa maziwa na kwa maneno machache. Habsa alikuwa mwanamke wa makamo, mkono wa kulia una kovu la moto. Aliwapeleka kwanza kaburini, nje ya kijiji, mahali mawe yalipokuwa bado hayajashika vumbi. Walikuwa wamemuosha, wamemvisha sanda, wamemswalia siku ile ile, kama inavyompasa Mwislamu, awe na jina au asiwe nalo. Chifu alikuwa ng'ambo ya mafuriko na mtandao ulikuwa umeanguka. Kitambulisho na simu vilikuwa vimesombwa na maji, na hawakuwa na wa kumuuliza. Ubah alishukuru kwa yote. Alishukuru kwa kweli, na papo hapo alielewa kwamba uso ule hatauona tena.

"Ilikuwa asubuhi," Habsa alieleza. "Pikipiki aliacha ng'ambo ile ya laga, hiyo mto ya mchanga. Mchanga ilikuwa kavu kabisa, jua iko. Mimi niko na mbuzi huku. Akavuka na miguu kuja kupiga ile maua nyekundu, ile inatoka chini mvua ikinyesha. Alifurahi kama mtoto. Alipomaliza akanivalisha kamera kwa shingo, akanionyesha pa kufinya. Halafu akasema nishikie, naleta pikipiki. Alikuwa katikati wakati maji ilikuja. Huku haikunyesha siku hiyo, dada. Ilinyesha huko juu." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Nilipiga kelele. Yeye alikuwa anaangalia chini, kwa mchanga. Sijui aliona nini."

Ubah alijua. Mdudu. Bila shaka alikuwa ameona mdudu.

Waliporudi kijijini, Habsa aliingia ndani akatoka na kamera, imefungwa kwenye kitambaa safi. Ilikuwa imezima. Warfa alitoa ile betri ya akiba kwenye mkebe, akaitia, kioo cha nyuma kikawaka.

Picha ya mwisho ilikuwa imepigwa vibaya. Imeinama upande, miguu imekatwa, kona moja imezibwa na kidole. Katikati, amechuchumaa nyuma ya ua jekundu la duara, alikuwepo Abdinajib, uso mzima, amekunja macho kwa jua na anacheka. Hina ya ndevu ilikuwa imefifia, mvi zinachungulia kidevuni. Ubah ndiye aliyekuwa akimpaka. Alikuwa amesema atampaka akirudi.

"Kwa nini alikuvalisha kamera?" aliuliza, ingawa alikuwa ameanza kuogopa jibu.

"Alisema nimpige moja. Alisema iko mtu nyumbani anataka kumpelekea."

Hapo ndipo Ubah alipolia, na wanawake wa Korbesa wakamshika.

Kesho yake alirudi kituoni, maana faili ilibidi ifungwe. Afande Kinoti alisimama kumpa pole, akaandika tarehe na mahali, akauliza maswali machache kwa sauti ya chini. Alipomaliza, Ubah alifungua mkoba akaweka mezani picha iliyochapwa asubuhi ile dukani kwa Warfa.

"Uliniomba ya hivi karibuni, Afande. Uso uonekane vizuri."

Kinoti aliichukua akaitazama. Haikuwa na kazi tena, na wote wawili walijua. "Amefurahi sana hapa," alisema. "Nani alimpiga?"

"Mwanamke mmoja wa Korbesa, mchunga mbuzi," Ubah alisema. "Mume wangu aliniomba mimi kwanza. Nilikataa."