Kofia za Taa

Taa za barabarani zina vichwa kama watu, na mimi ndiye niliyezishonea kofia.

Magunia meusi, yenye mikanda ya kufunga kidevuni. Nyapara wa mtaa mpya wa maghorofa alinieleza: taa isiyofanya kazi hufunikwa, mtu asije akaitegemea. Na palikuwa na sharti kubwa kuliko hilo: hakuna mpangaji kuhamia kabla taa za kuongozea magari pale makutanoni hazijawaka.

Basi siku ya ukaguzi wakazivua kofia, wakaficha jenereta nyuma ya ukuta, taa zikawaka, utadhani zimezaliwa zinawaka. Mkaguzi akaridhika, akaenda zake. Jenereta nayo ikaenda zake. Kofia hazikurudi. Nyapara alisema zinafukuza wateja. Nyumba zinaonekana kama zimefiwa.

Bibi yangu, mzaa mama, alihamia wiki hiyohiyo, ghorofa ya chini, ng'ambo ya kibanda changu cha ushonaji. Siku ile ya ukaguzi alikuwa amekuja kuangalia chumba, akavuka kwa taa ya kijani, malori yote ya kokoto yamesimama yakimngoja yeye. Maisha yake yote hakuwahi kungojwa na kitu. Tangu hapo, kila asubuhi akija kunisumbua, alisimama ukingoni akiikodolea macho taa iliyokufa.

"Mke wangu, utaota mizizi hapo!" nilimpigia kelele.

"Subira, mume wangu! Haraka zako zimekupa nini zaidi ya kibiongo?"

Vibanda vyote vikacheka. Nikavuka kumshika mkono, nami nacheka, huku malori yakipita na upepo wake ukituvuta nguo. Siku nyingine yalipita karibu kiasi kwamba nilimvuta bibi nyuma kwa nguvu.

Nikapanda ngazi, nikazivisha taa kofia upya. Nyapara akazivua.

"Fundi, wewe shona suruali."

Nikazivisha tena. Safari hiyo akaondoka nazo.

Asubuhi moja mafundi umeme walifungua sanduku la nyaya pale makutanoni, wakawa wanajaribu hiki na kile. Nilikuwa napunguza kiuno cha gauni, pini zimejaa mdomoni. Nikainua macho: taa ya bibi imewaka kijani. Nilifurahi, Mungu shahidi. Kisha nikatazama upande wa malori.

Kijani.

Pini mdomoni, sauti haikutoka. Bibi akashuka barabarani bila haraka, akainua mkono kunionyesha ile taa, uso wote ukicheka: si nilikuambia?

Siku hizi taa zile hazikosei. Kijani kikiwaka watu huvuka. Mimi husimama mpaka lori la mwisho litulie kabisa, hata injini yake niisikie inapumua. Vijana wanaonipita hunitania.

"Fundi, utaota mizizi hapo!"

"Subira," huwajibu.