Nati Isiyo na Alama

Ndinda alikuwa amebakiza kazi ndogo tu. Skrubu mbili za kabureta alizozirekebisha asubuhi hiyo zilihitaji alama, ili mtu akizigusa baadaye ijulikane zimeguswa. Kwa kazi hiyo hutumia rangi ya kucha, nyekundu, ile ya bei ya chini inayouzwa vibandani. Akatoa kichupa kwenye mfuko wa ovaroli, akafungua, akachovya brashi. Brashi ikatoka kavu. Rangi ilikuwa imegandia chini, ngumu kama gundi ya zamani.

Akajaribu kukumbuka ni lini ilikauka. Hapo ndipo alipogutuka, kama mtu aliyefika stendi na kukumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

Konrodi. Alama za konrodi alikuwa amezitia kwa rangi gani?

Gari lenyewe lilikuwa Datsun Z la milango miwili, boneti refu kama pua ya mamba, mali ya Mzee Gordon, karani mstaafu wa reli anayeishi hapo hapo mtaani Umoja. Miaka mingi lilikuwa limelala chini ya turubai kando ya nyumba yake, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka huu mzee alikata shauri. Yeye na mkewe Kezia walikuwa wanatimiza nusu karne ya ndoa, na ibada ya shukrani ilipangwa nyumbani kwao Yala. Waliondoka kanisani kwa gari hilo siku walipooana, likiwa la mjomba wa Gordon, naye aliapa kuingia nalo kanisani tena au asiende kabisa.

Likasukumwa hadi gereji ya Mutie, ua wenye mabati nyuma ya maduka. Mutie ni mjomba wa Ndinda, ndugu ya mamake, na ndiye aliyemfunza kazi. Alilitazama lile gari, akacheka, akasema, "Hii injini ni yako, Ndinda. Mimi sina subira nayo."

Ndinda akaishusha yote. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikapelekwa Kariobangi kuchongwa. Beringi na pistoni mpya zililetwa na mpwa wa mzee kutoka ng'ambo. Ndinda aliosha kila kipande kwa petroli, akapanga kila kitu juu ya gunia kwa utaratibu wake, na hakumruhusu mtu kusogeza hata washa moja ya nati. Alhamisi injini ikawashwa. Ilikohoa mara kadhaa, ikatema moshi wa bluu, halafu ikatulia, ikanguruma kwa sauti nzito iliyowaleta vijana wa kuosha magari mbio. "Chuma imeamka! Hii ni noma!" Mzee Gordon alivua kofia. Kesho yake jioni angekuja kulichukua, na Jumamosi asubuhi safari.

Sasa ilikuwa Ijumaa, jua la utosi, na Ndinda amesimama na kichupa kikavu mkononi.

Ndani ya injini kuna vyuma vinavyoishika kila pistoni kwenye krenki. Hizo ndizo konrodi, na kila moja hufungwa kwa nati mbili. Nati hizo hukazwa kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak" nguvu inayotakiwa ikifika. Nati moja ikilegea, haitoi taarifa. Inavumilia mwendo wa mtaani, inavumilia foleni. Siku injini ikivutwa kwa kasi, konrodi inachomoka na kutoboa ubavu wa injini, na gari linafia barabarani, mafuta yakimwagikia magurudumu ya nyuma. Na njia ya Yala inateremka Mai Mahiu, malori mbele, malori nyuma.

Siku ile ya kukaza nati, simu ililia. Mwalimu wa Kavinya. "Mama Kavinya, njoo upesi, kifua cha mtoto kimembana." Ndinda aliangusha spana juu ya gunia, akakimbia. Yote ya baada ya hapo aliyakumbuka mpaka leo: pikipiki iliyompeleka, harufu ya mandazi kwenye lango la shule, midomo ya Kavinya iliyoanza kubadilika rangi, mlio wa ile dawa ya kuvuta. Alasiri alirudi gereji, mtoto akamlaza kwenye kiti cha Probox kilichong'olewa, akaendelea na kazi huku sikio moja likihesabu pumzi zake.

Aliendelea kutoka wapi? Hilo ndilo hakulikumbuka. Alijiona akiinama, alijiona akifunga sampu, lile karai la mafuta chini ya injini. Katikati palikuwa na shimo. Na alama, ambazo ndizo zingemjulisha, hazikuwepo, kwa sababu siku ile alisema moyoni, nitanunua rangi kesho.

Alimkuta Mutie akinywa chai.

"Mjomba, lazima tufungue sampu ya Datsun."

Mutie akaweka kikombe chini. "Inavuja?"

"Haivuji."

"Inagonga?"

"Haigongi. Sina hakika kama nilikaza nati zote za konrodi."

"Injini uliisikia jana kwa masikio yako."

"Niliisikia."

"Basi?" Akamtazama, si kwa hasira. "Ndinda, wewe ni mtu wa wasiwasi, nakujua tangu ukiwa mdogo. Ile Probox ya mchungaji ulinifanya nikafungua magurudumu yote manne. Tukakuta nini?"

"Hakuna."

"Na ile pikapu ya mawe?"

Huko pia hawakukuta kitu. Ilikuwa kweli. Ni yeye anayerudi kutoka stendi kuangalia kama gesi imezimwa, anayeamka kugusa kifua cha mtoto aliyelala vizuri. Hofu ilikuwa imemdanganya mara nyingi, hata hakujua tena ingesemaje siku itakayosema kweli. Alisimama pale akijaribu kuisikiliza, aone kama ya leo ina sauti tofauti. Haikuwa na tofauti yoyote.

"Ile sampu haitoki mpaka injini iinuliwe," Mutie akaendelea. "Kuna boriti ya chuma inapita chini yake, unajua. Tushushe mafuta, tufungue vishikizo, tuinue kwa cheni. Mzee atakuja akute injini yake inaning'inia. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nilivyokuambia wewe."

Mutie akarudia chai yake. Ndinda akaenda kutafuta karai.

Mafuta yalitoka mepesi, yangali na joto la injini iliyowashwa asubuhi. Aliyachuja kwa kitambaa cheupe, akakipeleka juani. Kitambaa kikameta. Vumbi la chuma, jembamba, kama poda ya kina dada. Lakini injini mpya humeta hivyo, vyuma vinapozoeana. Alilijua hilo, aliwahi kuwaambia wateja waliotishika. Akageuza kitambaa, akakigeuza tena. Kingeweza kumaanisha chochote.

Mutie alikuja bila kuitwa, akashika cheni. Walikuwa wameiinua injini kiasi cha kiganja pale Mzee Gordon na Kezia walipoingia uani, saa nyingi kabla ya jioni. Mzee alikuwa na kofia mpya. Kezia alibeba kikapu. Alikuwa ameleta mto wa kukalia, maana kiti cha Datsun, alisema, humtesa mgongo.

Mzee alisimama ghafla.

"Hii ni nini?"

"Mzee wangu, shikamoo," Mutie akaanza. "Ni ukaguzi tu, wa kawaida—"

"Si wa kawaida," Ndinda akasema. Alihisi Mutie akimgeukia. "Kuna nati ambazo sikumbuki kama nilizikaza mpaka mwisho. Siku ile niliitwa shuleni, mtoto alikuwa mgonjwa. Nimeona nifungue niangalie."

"Hukumbuki." Mzee alilitamka lile neno kama mtu anayepima sarafu bandia. "Wiki zote hizi. Nimewaambia watu wa Yala, nimemwambia kasisi, kwaya inangoja barabarani. Na jana iliwaka! Umati wote ulishuhudia. Leo unaniambia hukumbuki?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo huenda hakuna kitu."

"Huenda hakuna kitu kabisa."

Mzee akazunguka, akampa mgongo. Vijana wa kuosha magari waliacha mabomba yakimwaga maji. Ndinda alitamani ardhi ipasuke. Angeweza hata sasa kuishusha injini, kurudisha mafuta, kuomba radhi, na watu wangeondoka wakiwa na furaha. Na pengine wangefika salama. Ndiyo, pengine wangefika.

Ni Kezia aliyemkaribia. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyopepesa.

"Nyathina," akasema, "mwanangu. Kama ungekuwa unampeleka yule mtoto wako kwa gari hili, usiku wa leo ungelala?"

"Singelala, mama."

"Ungeondoka?"

"Singeondoka."

Kezia akatandika mto wake juu ya tairi kuukuu, akaketi. "Gordon," akamwita mumewe, "tafuta pa kukaa. Tutangoja."

Sampu ikatoka. Ndinda akajilaza juu ya katoni, akaingia chini na tochi na spana ya kipimo. Mafuta yalimdondokea shavuni. Krenki ilikuwa inang'aa juu yake, na konrodi sita zimejipanga kama mbavu. Kwa macho hazikuwa na dosari.

Akaanza mbele. Nati ya kwanza ikalia tak mara alipoivuta. Ya pili, tak. Akamwomba Mutie azungushe injini kidogo kwa spana, nyingine zishuke. Tak. Tak. Kila mlio ulipaswa kumpa nafuu, lakini ulimwongezea aibu. Nusu ya injini ilikuwa imekwisha, na alisikia mzee akitembeatembea, viatu vikikwaruza changarawe.

Konrodi ya tano, nati ya kwanza. Tak.

Nati ya pili akaivuta, na mkono ukaenda nayo.

Haikulia. Akaacha, akapumua, akaiweka spana sawasawa, akavuta tena. Nati ikazunguka polepole, laini, kama kifuniko cha chupa. Robo ya mzunguko. Zaidi kidogo. Ndipo ikalia.

Alibaki amelala pale. Hakufurahi. Aliona mteremko wa Mai Mahiu kana kwamba yuko ndani ya gari, mto wa Kezia, kofia mpya.

"Mjomba," akaita. "Ya tano. Imezunguka."

Mutie akachuchumaa. "Kiasi gani?"

"Robo. Na zaidi."

Mutie akajipangusa uso kwa kiwiko. "Robo pengine ingeshika," akasema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Pengine isingeshika. Maliza ya sita. Halafu rudia zote."

Akazirudia zote. Akazirudia tena. Mzee Gordon alikuwa ameinama kando ya gari, kofia mkononi, akiangalia viatu vya Ndinda vilivyotokeza.

"Umeipata?" akauliza.

"Nimeipata, mzee."

Mzee akavaa kofia. Kisha akasema, "Mtoto naye? Kifua kimepoa?"

"Kimepoa."

"Haya," akasema mzee. "Haya basi."

Sampu ilirudishwa na gasketi mpya iliyokatwa kwa mkono, na gundi yake ikaachwa ikauke hadi asubuhi. Jumamosi wakaondoka, wamechelewa, Kezia akipunga mkono dirishani kama bibi harusi. Ndinda alisimama hadi mngurumo ukapotea kwenye kelele za barabara ya Outer Ring.

Alidhani hofu ingeondoka nao. Haikuondoka. Siku nzima aliisikia ile injini. Je, sampu imeshika? Je, bomba la maji? Kama alisahau nati moja, alisahau nini kingine? Alipopiga simu, akaambiwa mteja hapatikani. Alipiga tena akiwa sokoni, akapiga tena akipika. Kavinya alimwuliza, "Mama, wamefika?" naye akasema, "Bado," kwa ukali ambao mtoto hakuustahili.

Jua lilikuwa linatua simu ilipolia. Nyuma ya sauti ya Kezia palikuwa na vigelegele, ngoma na watu wakiitana.

"Tumefika, nyathina! Simu ya mzee ilizima tangu Nakuru. Kwaya imetupokea barabarani, wanalizunguka gari sasa hivi, mzee hataki kuizima injini!"

Ndinda akaketi kwenye ukingo wa kitanda. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa.

"Mama, ile mishale miwili ya mita zilizo mbele ya dereva," akasema. "Wa mafuta na wa joto. Mwulize mzee imesimama wapi."

Kezia akacheka hadi akakohoa. "We mtoto! Kula chakula chako ulale."

"Tafadhali, mama. Mwulize."

"Haya, ngoja. Gordon! Gordon!"

Ndinda akaibana simu sikioni, Kavinya akimwegemea ubavuni akipumua vizuri, na katikati ya vigelegele vya Yala akaisikia injini, mbali, nzito, bila kugonga. Akaendelea kungoja jibu.