Dereva wa Ndani ya Kifaru

Nalaza paji la uso juu ya gazeti, dakika mbili tu, nasubiri gundi ikauke. Ni Jumamosi, adhuhuri imepita, joto la Makorora limekaa juu ya bati kama mgeni asiyejua kuaga, na mbele yangu kipo kifaru changu, kimebanwa kwa vibanio vitatu vya nguo ili paa lisiachie. Kifaru chenyewe kinaenea kiganjani, cha plastiki, cha vita vya sayari nyingine, na kando yake wamesimama roboti wangu kumi na wawili, wekundu kwa mbele kama nyanya za sokoni. Alasiri tunacheza barazani kwa Shomari, kwa dadu na futi kamba, na sheria ya pale ni moja: kisichopakwa rangi hakikanyagi meza. Changu kimepakwa. Kwa nje. Ndani ameketi dereva mdogo kama punje ya mchele, kijivu vile vile alivyotoka kwenye rangi ya kwanza, hana jicho, hana pua, nami nimemfungia paa kwa gundi, safari njema. Nani atamwona? Mwenye wazimu wa kupaka vya ndani ni Shomari. Mtu mzima yule, anauza dawa, ana mke, na Jumamosi iliyopita alitumia saa nzima na ncha ya kijiti cha meno akimtia dereva wake mboni za macho, halafu akamgandishia paa juu. Nikamwambia mbele ya watu wote, kaka Shomari, umempamba bibi harusi halafu umemzika. Watu walicheka mpaka dadu zikaanguka. Yeye hakucheka. Alisema tu, kwa sauti yake ile ya kuhesabia vidonge, mimi najua yupo, Kombo. Ati anajua yupo! Wiki nzima nimekuwa nikicheka, na sasa nacheka tena, paji la uso juu ya gazeti, na gazeti linalegea, linapata kina, nazama ndani yake kichwa kwanza kama mkate kwenye chai, na ninapojiinua nimesimama barabarani.

Barabara ni safu ya gazeti. Nyeupe, nyembamba, herufi zimelala huku na huku kama mawe ya kingo, na kila nikiimaliza safu moja najikuta mwanzo wa nyingine, tangazo la viwanja, tangazo la tanzia, tangazo la viwanja, naenda mbele siku nzima na bado nampita marehemu yule yule, amevaa tai ile ile. Wenzangu wakiota wanaota bustani. Mimi naota viwanja vilivyopimwa. Mwishoni, kama pana mwisho, unatokea mji, na chini ya mji, ndani ya ziwa la vanishi isiyokauka, unaning'inia mji wa pili kichwa chini, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha, na upepo ukipita ni ule wa chini unaotikisika kwanza. Natazama kazi ya rangi ya mji huu nasikitika. Nyumba zote nyekundu kwa mbele, na ukizunguka nyuma ni kijivu kitupu. Rangi imetiririka mpaka imeziba madirisha. Fundi wa mji huu, nasema kwa sauti, angepewa ndoo akachote maji, brashi haimfai. Sauti nyuma yangu inasema, fundi amesikia. Nageuka. Amesimama mtu mrefu kama nguzo ya umeme, kijivu kuanzia utosini hadi unyayoni, na pale penye uso pamelainika kama sabuni iliyoogewa mwezi mzima. Namwambia, shikamoo, kama wewe ni mzee. Ananiambia, marahaba, kama wewe ni mtu. Namuuliza njia ya kutoka. Anasema, kitendawili. Nasema, bwana wee, mimi nimeuliza njia. Anasema, kitendawili. Haya, tega. Jirani anaona shati, mimi naona mbavu. Sifikirii hata kidogo, siwezi kuumiza kichwa kwa ajili ya mtu asiye na pua. Nimeshindwa, nasema. Basi nipe mji, anasema. Kumbe na huku ni kama nyumbani tulipokuwa wadogo, ukishindwa kutegua unatoa mji, mtegaji anakwenda kuula, kisha ndipo anakupa jibu. Nakupa Dubai, namwambia, na majengo yake yote. Umewahi kulala huko? Sijawahi. Hapa hatupokei miji ya kusikia, toa uliolala. Basi nahesabu, na hesabu yenyewe aibu: Pangani, safari ya shule, Muheza, kwa shangazi, na Tanga nilikozaliwa. Namuuliza, na miji ikiisha? Ikiisha utatoa sura, anasema, maana hiyo nayo umelala nayo kila siku. Nacheka. Sura yangu hii? Chukua Pangani kwanza, ule ushibe.

Anauingia mji bila kupinda magoti, na mji unafunikwa na ukungu wa kijivu, wa juu na wa chini kwa pamoja, halafu anatoka. Nimekwenda Pangani, anasema, nimekula, nimewakuta wanafunzi wamelala sakafuni darasani, nimewapuliza rangi mmoja mmoja. Jibu ni jeshi lako. Adui anayewatazama kwa mbele anaona shati, wewe uliyesimama nyuma yao unatazama mbavu. Nasema, migongo haipigi risasi, baba. Lakini ninapotaka kuwakumbuka wenzangu wa Pangani, yule aliyekoroma, yule aliyelilia kwao, naona miili imelala chini ya kanga na juu ya kila shingo pana sabuni. Naachana na mawazo hayo, natembea. Barabara inazunguka, tanzia, viwanja, tanzia, na kwenye njia panda amesimama yeye, au ndugu yake, maana hawa ukimjua mmoja umewajua wote. Kumbe mpo wengi, namwambia, na mmenunuliwa uso mmoja mkaupoteza. Anasema, kitendawili. Tega. Mvua imenyesha juu ya mlima mpaka mlima umekuwa chapati. Nasema, hicho si kitendawili, hayo ni malalamiko ya mpishi. Nipe mji. Chukua Muheza, na salamu kwa shangazi. Anakwenda, anakula, anarudi. Nimekwenda Muheza, shangazi amenikaribisha chungwa, nimempuliza akiwa bado analimenya. Jibu ni rangi yako unayoipaka bila kuipunguza kwa maji, vinundu vyote vya kifaru vimezama. Na mimi namwona shangazi, namwona vizuri, kisu, chungwa, ganda linaning'inia refu bila kukatika, mikono yake, kanga yake, na juu ya kanga hakuna mtu. Hapo kicheko nakimeza kama kidonge.

Mji wa tatu ni Tanga, wala siambiwi, naijua. Saa ya mnara inaning'inia ndani ya vanishi na mishale yake inarudi nyuma, na kwenye lango amesimama kiongozi wa hawa wa kijivu, na nyuma yake wamepangana roboti wangu kumi na wawili, wakubwa sasa, wananipita kwa mabega, wameinamisha vichwa kama watu wanaosikiliza kesi. Kitendawili. Tega, nasema, na nasikia harufu ya gundi. Yumo nyumbani, hodi haisikii. Yumo safarini, njia haioni. Hiki nakijua. Nakijua kabla hajafunga mdomo ambao hana. Mtu wa ndani, dereva wangu, yule niliyemgandishia paa nikamtakia safari njema. Neno moja tu, naingia Tanga na shangazi ananirudia na wa Pangani wananirudia. Lakini roboti wanasikiliza, na nikilisema hapa ni sawasawa na kusimama barazani mbele ya wale walioangusha dadu kwa kucheka, nimwambie Shomari, kaka, ulikuwa na haki. Nimwambie Shomari! Mtu anayekunja soksi! Bora nikose mji. Namwambia kiongozi, nimeshindwa. Ananiambia, hujashindwa. Nimeshindwa bwana, chukua Tanga, chukua na mnara wake. Na Tanga inakwenda. Bati la Makorora linakwenda, mlango wetu unakwenda, na sauti ya mama inaniita Komboo, Komboo, inatoka mahali palaini pasipo na tundu, na bado inaita.

Kiongozi anarudi, ameshiba, anafuta vidole. Safari hii hanipi jibu. Kitendawili, anasema, ni kile kile. Yumo nyumbani, hodi haisikii. Yumo safarini, njia haioni. Mbingu imeshuka, nanyoosha mkono naigusa, ni ngumu, ni ya plastiki, na mbali juu yake nasikia kibanio cha nguo kinauma meno. Nimekaa. Sikumbuki kukaa. Mbele yangu pana usukani na magoti yangu yameshika kwenye kiti. Anasema, gundi inakauka, Kombo, jibu au sura. Nasema, ni dereva. Anauliza, wa nani? Nasema, wa Shomari. Roboti wote kumi na wawili wanaguna pamoja. Kiongozi anatikisa kichwa, wa Shomari anaona, ametiwa mboni. Anachovya kidole kwenye kijivu, anakipitisha juu ya nyusi zangu, na nyusi hazipo. Wa nani? Nasema, wa fundi mwingine yeyote, mjini wapo wengi wavivu. Kidole kinapita, pua haipo, harufu ya gundi inakatika mara moja kama taa. Wa nani, Kombo? Na bado nataka kumtania, namtafutia neno la kumkata maini, la mwisho, la kwenda nalo, huku kidole kinakuja kwenye macho, jicho hili, jicho lile, na gizani humo nasikia paa linanata kutoka pembe moja hadi nyingine, pole pole, kwa uvumilivu wa Shomari kabisa, na sasa naogopa, naogopa kweli, utani umeniishia mwilini, nasema basi, nasema ni wangu, ni dereva wangu mimi, nasema na narudia kusema, na nagundua kwamba nasema ndani tu, kwa sababu kidole kimeshapita mdomoni.

Kombo! Nainua kichwa. Gazeti limenigandia shavuni, nalibandua. Shomari amesimama mlangoni, jua la alasiri liko mgongoni pake, mfuko wa dadu mkononi. Kaka, wenzio wanatusubiri, anasema, hizi ndizo dakika mbili ulizoniandikia kwenye simu? Anakuja mezani, anakichukua kifaru, anatoa kibanio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Paa haliachii. Anakigeuza kwenye mwanga, anapiga kwa ukucha, anasema, imeshika, hii haifunguki tena bila kuvunja. Halafu ananiuliza, bila kejeli hata chembe, na ndiyo maana inakera, dereva je, umempaka? Hapa hakuna roboti anayesikiliza, hakuna watu wa baraza, ni mimi na yeye, na neno lenyewe jepesi, sijampaka. Namwambia, nimempaka kaka, na mboni. Anasema, wewe! Na mboni? Na kope, nasema, na kidoti shavuni. Shomari anafurahi, jamani, anafurahi kama mtu aliyepatiwa ndugu ukubwani, ananishika mkono anautikisa, anasema, nilijua, kelele unazo lakini na mkono unao, mimi siwezi kope. Na yote hayo anayasema akitazama kidogo kushoto ya kichwa changu, penye ukuta, halafu juu kidogo, halafu ukutani tena, kama mtu anayezungumza na mwenzake na hajui macho yake yako wapi. Nasogea kushoto nimkute. Macho yake yanahamia kulia. Huenda ni mwanga, ametoka kwenye jua kali ndio kwanza anaingia ndani. Haya twende, nasema, tumechelewa, na sauti naisikia ikitoka, naisikia vizuri, ila sikuhisi mdomo kufunguka.